Stadi imeng'oka kwenye bloku ya Beetle? Usikubali waichomelee

Wadau, leo siasa naiweka pembeni.

Kuna swali limenifikia zaidi ya mara moja kutoka kwa vijana wenye Volkswagen za zamani, zile Beetle za mgongo wa kobe walizoachiwa na baba au babu. Hadithi ni ile ile. Fundi anakaza nati ya silinda hedi, nati inazunguka tu, haishiki. Anaongeza nguvu. Mara stadi inatoka nzima nzima, na kwenye ncha yake imejisokotea kitu kama springi ndogo ya rangi ya kijivu. Fundi anatikisa kichwa. Anasema bloku imekufa, tafuta nyingine. Au anasema lililo baya zaidi: lete tuichomelee.

Bloku haijafa. Na kuchomelea ndiko kutakakoiua. Nimesimama gereji nikaiona kazi hii ikifanywa vizuri kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo leo nataka niieleze taratibu, hata kama wewe mwenyewe huna gari wala spana. Siku moja utakuwa umesimama pale kama mwenye mali, na itabidi ujue useme nini. Kama umelipia nusu saa tu hapo kafe na dakika zinayoyoma, ruka hadi pale ninapoanza kuongelea bushi. Mengine utayarudia.

Tuelewane kwanza kwenye maneno, maana kila gereji ina lugha yake. Stadi ninayoisema siyo ile ya "stadi za kazi". Ni kama bolti isiyo na kichwa, ina hesi ncha zote mbili. Hesi ndiyo ile michirizi inayozunguka, wengine mnaita uzi. Ncha moja inaingia kwenye bloku na kubaki humo miaka yote, nyingine inapokea nati. Na nitasema bloku kwa mazoea tu, ingawa kwenye Beetle ni kasha la vipande viwili, kushoto na kulia, vinavyokutana katikati kama maganda ya karanga.

Injini yenyewe ina silinda nne zilizolala, mbili huku mbili kule. Haina maji wala rejeta, inapozwa na upepo wa feni. Silinda hazijachongwa ndani ya bloku kama kwenye Corolla. Kila moja ni kipande cha peke yake cha chuma cha kusubu chenye mapezi, kimechomekwa kwenye bloku, na juu inakaa hedi ya aluminiamu, hedi moja kwa kila silinda mbili. Kinachoshika mzigo wote huo usiachane ni stadi ndefu, 8 kila upande, 16 kwa jumla. Zinatoka kwenye bloku, zinapita kando ya silinda, zinatokeza kwenye hedi. Kwa hiyo stadi ikiachia, siyo hedi tu iliyolegea, na silinda nayo imelegea. Gesi inavuja huku, oili inavuja kule, injini inalia chaf-chaf-chaf, nguvu hakuna kwenye mlima. Ukiendelea kuendesha hivyo hivyo, gesi ya moto inakula uso wa hedi, na hapo unakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Sasa swali la maana: kwa nini inaachia? Ni chuma bwana, iweje hesi ing'oke kama jino la mtoto?

Kwa sababu bloku siyo chuma. Wengi wanadhani ni aluminiamu, na siyo aluminiamu pia. Ni aloi ya magnesiamu. Volkswagen walikuwa na sababu: injini ya Beetle iko nyuma kabisa, nyuma ya ekseli, na kila kilo unayoiongeza pale inaharibu ushikaji wa barabara. Lita moja ya chuma ina kilo 7.87, ya aluminiamu kilo 2.7, ya magnesiamu kilo 1.74 tu. Wakatumia magnesiamu kwenye kasha la injini na la giaboksi. Njia rahisi ya kuhakikisha: chukua chenga kidogo iliyotoka kwenye bloku, safi, idondoshee siki ya jikoni. Magnesiamu inachemka mapovu hapo hapo. Aluminiamu inakutazama tu.

Uzuri wa magnesiamu ni wepesi. Ubaya wake ni ulaini, na hasa ulaini kwenye joto. Ukiiminya kwa muda mrefu ikiwa ya moto, inasogea kidogo kidogo bila kurudi. Fikiria msumari uliopigwa kwenye mti mkavu na msumari uliopigwa kwenye mgomba.

Halafu weka joto juu yake. Chuma, magnesiamu na aluminiamu havitanuki sawa. Ukiipasha injini, hedi ya aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya stadi ya chuma. Hedi inataka kunenepa, stadi haitaki kurefuka kiasi hicho, basi mvutano unapanda. Nani anaumia? Siyo stadi. Ni zile hesi laini za bloku kule chini. Injini ikipoa mvutano unashuka, kesho unapanda tena. Miaka 40, 50 ya hivyo. Silinda namba 3 ndiyo iliyoonja joto zaidi kwenye Beetle za zamani, kwa sababu kipoza oili kilisimama ndani ya kava la feni na kuizibia upepo. Volkswagen wakaja kukihamisha kwenye modeli ya 1971.

Joto ni nusu ya kesi. Nusu nyingine ni mkono wa binadamu.

Stadi za milimita 10 za Beetle zinatakiwa kukazwa Nm 32. Basi. Tafsiri yake ni hii: ukishika spana yenye mkono wa sentimita 30, unatakiwa usukume kwa nguvu ya kama kilo 11 pale mwishoni. Ni mfuko wa mchele wa kilo 10 na kidogo juu. Sasa ile tabia ya kuchomeka bomba kwenye spana ili "ikamate vizuri"? Ukiwa na bomba la mita moja, Nm 32 zinatimia kwa kilo 3 na robo hivi. Kilo tatu! Mkono wa fundi uliozoea lori hauhisi hata kama umeanza kusukuma. Na Nm 32 hizo, zikipita kwenye mteremko wa hesi, zinavuta stadi kwa takriban tani moja na nusu. Huyo ni mmoja tu kati ya wale 16. Ukizidisha mara mbili, unavuta tani tatu kwenye mgomba.

Hapa kuna jambo linalonifurahisha sana kwenye historia ya gari hili. Volkswagen walipoona stadi zinang'oka, wengi tungedhani wataziongeza unene. Walizipunguza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaleta stadi za milimita 8 badala ya 10, zinazokazwa Nm 25, na kwenye bloku wakaweka bushi za chuma tangu kiwandani. Kwa nini nyembamba? Kwa sababu stadi nyembamba inavutika zaidi kama mpira. Hedi ikitanuka, stadi inakubali kurefuka kidogo na mvutano haupandi sana. Nene ni kama nondo, haikubali, inahamishia ugomvi kwa bloku. Kwa hiyo ukikutana na mtu anayetaka kukuwekea stadi nene zaidi "ili ziwe imara", mwambie waliolibuni gari walikwenda upande wa pili.

Na msidhani ni maradhi ya gari la mlalahoi. Porsche 911 zenye injini ya lita 2.7, za 1974 hadi 1977, nazo zina bloku ya magnesiamu na zinang'oa stadi vivyo hivyo. Hata huko matajiri wanalia.

Haya, tuje kwenye dawa za uongo, maana zimejaa.

Ya kwanza ni kuviringisha waya au kipande cha kopo kwenye stadi na kuirudisha kwa nguvu. Inashika. Utakaza, utafurahi, utalipa, utaondoka. Injini ikipata moto vizuri mara mbili tatu, inarudi pale pale, na safari hii tundu limepanuka vibaya.

Ya pili ni gundi ya vipande viwili, ile ya kuchanganya. Gundi nzuri ina kazi zake, lakini siyo kubeba tani moja na nusu kwenye nyuzijoto zaidi ya 100.

Ya tatu ni stadi ya kukereza: chini nene, juu milimita 10 kama kawaida. Hii siyo uongo mtupu, inaweza kufanya kazi. Shida ni chuma kinachotumika. Mkerezaji anachukua kipande chochote kilichoko chini ya benchi, wakati mwingine nondo, na nondo siyo chuma cha stadi. Itarefuka na haitarudi. Kama hujui chuma kimetoka wapi, achana nayo.

Ya nne ni kuchomelea. Jamani. Magnesiamu inachomelewa, ndiyo, lakini kwa mashine ya TIG yenye gesi ya agoni, na mtu aliyejifunza hasa magnesiamu, na bloku iliyosafishwa oili hadi kwenye vinyweleo. Hata akifaulu, joto linapinda bloku, na bloku ikipinda matundu ya krenki shafti hayako tena kwenye mstari mmoja. Itabidi yachongwe upya yote. Kuchomelea kwa fimbo za kawaida, kama tunavyochomelea geti, ni kuiaga bloku.

Sasa bushi.

Wazo lake ni jepesi. Hesi za bloku zimeng'oka, sawa, zitoe kabisa. Panua tundu, kata hesi mpya kubwa zaidi, ingiza bushi ya chuma yenye hesi nje na ndani. Kwa nje, bushi inashika magnesiamu. Kwa ndani, stadi yako ya zamani inashika chuma kwa chuma. Kwa stadi ya milimita 10, bushi zinazouzwa kwa ajili ya Volkswagen zina kipenyo cha nje cha milimita 14. Angalia hesabu: tundu limetoka 10 hadi 14, maana yake mzunguko unaoshika magnesiamu umeongezeka kwa asilimia 40 kwa kina kile kile. Ukarabati ukifanywa vizuri, sehemu hiyo inakuwa imara kuliko ilivyotoka kiwandani.

Kuna pia Helicoil, ambayo ni springi ya waya mgumu inayoingia kwenye tundu na kugeuka hesi. Ni nzuri, naipenda kwa stadi ndogo. Kwa stadi za hedi ningechagua bushi nzima, kwa sababu inashika eneo kubwa zaidi la bloku na haitoki ukija kutoa stadi siku nyingine.

Kazi niliyoiona ilifanyika gereji moja hapa Dar es Salaam, mitaa ya Ilala, kwa fundi mzee ambaye jina lake nalihifadhi kwa sababu hapendi kuandikwa. Mwenye gari alikuwa kijana wa miaka 20 na kitu, gari la marehemu baba yake. Gereji ya kwanza aliyokwenda walishaanza kuandaa mashine ya kuchomelea, akaomba aondoke na bloku yake. Nilipofika nikamwamkia mzee shikamoo, akaitikia marahaba, halafu kabla sijauliza swali akaniambia: "Mwanangu, hapa kazi siyo kutoboa. Kazi ni kutoboa wima."

Alikuwa na maana. Stadi ina urefu wa karibu sentimita 20. Ukikosea digrii moja tu kule chini, ncha ya juu inahama milimita 3 na nusu, na tundu la kwenye hedi halina nafasi hiyo. Utailazimisha hedi iingie, stadi itakuwa inasukuma kwa ubavu maisha yake yote. Na biti ya drili ina tabia ya kufuata tundu la zamani, hata kama limekaa upande.

Njia bora ni kuipeleka bloku kwa mwenye mashine ya kutoboa ya kusimama, au ya kuchonga, ikafungwa mezani ikiwa imepimwa. Mzee hakuwa nayo. Alikuwa na bamba la chuma nene kama vidole viwili, lenye matundu yanayolingana na nafasi za stadi. Analivisha kwenye stadi jirani zilizo nzima, analikaza chini kwa nati na vipande vya bomba, na tundu la nne la bamba linakaa juu kabisa ya tundu bovu. Ndani yake kuna bushi ngumu inayoongoza biti. Hivyo drili ya mkono inageuka drili inayojua njia. Bamba hilo alilitengeneza mwenyewe na halimwazimi mtu.

Bloku ilikuwa imefunguliwa yote, krenki shafti nje. Kijana alilalamika kidogo kwa sababu ni gharama zaidi. Mzee alikuwa sahihi. Chenga zinazotoka hapo zikiingia kwenye njia za oili zitafika kwenye beringi, na utakuwa umetengeneza stadi na kuua injini. Kama hamwezi kabisa kufungua yote, basi ziba kila tundu kwa kitambaa safi, paka grisi kwenye biti na tapu ili chenga zigande humo, fyonza kwa mashine, usipulize kwa upepo. Kupuliza kunazisukuma ndani.

Ukubwa wa biti msibahatishe. Kanuni inayotosha gereji ni hii: kipenyo cha nje cha bushi, toa hatua ya hesi zake. Bushi ya 14 yenye hatua ya milimita 2 inataka tundu la 12. Ya 14 yenye hatua ya 1.5 inataka 12.5. Soma bushi uliyonayo, na tapu lazima iwe ya hatua ile ile. Nimeona watu wananunua bushi duka hili na tapu duka lile, zote zimeandikwa 14, hatua tofauti. Zinaingia mizunguko miwili zinakwama, mtu anaongeza nguvu. Mnajua mwisho wake.

Mzee alipima kina cha tundu, akafunga utepe kwenye biti kuonyesha mwisho, akapanda kwa ngazi: biti ndogo, kisha kubwa zaidi, kisha ya mwisho, taratibu. Halafu tapu kwa mkono, ikiwa na oili nyepesi ya madini. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma ili chenga ikatike. Anatoa, anasafisha, anarudi. Tundu moja lilimchukua muda wa mtu kunywa chai na maandazi bila haraka. Simu yake iliita mara tatu, hakupokea.

Hapa nisimame niseme kuhusu moto, na hili sifanyi utani. Bloku nzima ya magnesiamu siyo rahisi kuwaka, lakini chenga zake na vumbi lake vinawaka vizuri sana. Msitoboe karibu na mtu anayetumia grenda au kuchomelea. Msiache chenga zirundikane sakafuni, msivute sigara hapo. Na ikitokea zimewaka, MSIMWAGE MAJI. Magnesiamu inayowaka inanyang'anya maji oksijeni yake na kuachia haidrojeni, moto unalipuka. Mtungi wa kaboni dayoksaidi nao haufai, inaendelea kuwaka humo humo. Mchanga mkavu, mkavu kabisa, ndoo moja karibu. Wapenzi wa mashindano mnaijua ajali ya Le Mans ya tarehe 11 Juni 1955 iliyoua watu zaidi ya 80: bodi ya ile Mercedes ilikuwa ya aloi ya magnesiamu, na maji ya zimamoto yaliuongezea moto nguvu.

Turudi. Tundu likishakatwa hesi, linaoshwa hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe, linakaushwa. Nje ya bushi inapakwa gundi ya hesi, ile nyekundu ya kudumu, tone moja mbili, siyo kuogesha. Bushi inaingizwa hadi izame chini kidogo ya uso wa bloku. Kidogo tu, lakini lazima izame. Ikichomoza, silinda haitakaa sawa juu yake. Halafu unaiacha. Mzee aliiacha hadi kesho yake, na kijana alipoomba wafunge jioni ile ile akaambiwa aende nyumbani akalale.

Na usifanye moja. Mzee alitengeneza zote 16. Alisema stadi zote zimekula joto lile lile na mkono ule ule; ukibadili iliyong'oka peke yake, jirani yake anafuata foleni. Nakubaliana naye, maana gharama kubwa ni kufungua injini, bushi zenyewe ni pesa ndogo ukilinganisha na bloku nyingine. Bloku nyingine nayo ikiwa ya mtumba ina umri ule ule na ugonjwa ule ule, ila haujaonekana tu.

Wakati wa kurudisha, kila stadi irudi ilikotoka, maana urefu unatofautiana. Ingiza kwa mkono, usiisokomeze hadi igote chini na kuikaza kwa spana. Kisha hedi, washa, nati, na toki renchi. Narudia, toki renchi. Kama gereji haina, azimeni. Mzunguko wa kwanza kaza kidogo tu, kama Nm 10, ili kila kitu kikae mahali pake. Mzunguko wa mwisho unaanzia nati za katikati kwenda pembeni, Nm 32 kwa stadi za milimita 10, au Nm 25 kwa zile za milimita 8. Injini iwe baridi.

Mnaoendesha bodaboda na bajaji nanyi msidhani hii haiwahusu. Kasha za injini hizo ni aluminiamu, nayo ni laini. Tundu la plagi, stadi za ekzosi, bolti ya kumwagia oili: vyote vinakufa kwa staili hii hii na vinafufuka kwa bushi au Helicoil hiyo hiyo. Hata kwenye Beetle yenyewe, stadi zinazoharibiwa zaidi na wamwaga oili ni zile 6 ndogo za kifuniko cha chini, milimita 6, zinazotakiwa Nm 7 tu. Nm 7 ni vidole viwili kwenye spana fupi.

Nani bado ana Beetle, mtauliza. Wengi kuliko mnavyofikiri. Zilitengenezwa 21,529,464, ya mwisho ilitoka Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003. Na huku kwetu lilikuwa gari la heshima: lilishinda Safari Rally tangu ile ya kwanza ya 1953, na mwaka 1962 likashinda tena likiendeshwa na Tommy Fjastad. Barabara zile, vumbi lile, na bloku ya magnesiamu.

Jambo la mwisho kwa mlio nayo. Nafasi ya valvu kwenye Beetle ni milimita 0.15 injini ikiwa baridi. Kwa kawaida, kadiri siku zinavyokwenda nafasi hiyo inapungua. Ukikuta valvu za silinda moja nafasi imeongezeka, na ukarekebisha, na baada ya wiki imeongezeka tena, usilaumu valvu. Hedi inanyanyuka, kuna stadi inaachia huko chini. Ukiiwahi hapo, uso wa hedi bado mzima. Gari la yule kijana lilianza hivyo hivyo, miezi kadhaa kabla nati haijazunguka bure.

Mwenye bamba la kuongoza drili kwa Nairobi, Arusha au Mwanza na anayekubali kupokea kazi, aandike kwenye maoni hapo chini, kuna watu wanamtafuta.